Kome wa Katekista

Mtu wa kwanza kuja dukani kwangu kuuliza dawa ya kome alikuwa Katekista, na naomba Mungu awe wa mwisho. Mimi nauza dawa za mifugo, mbegu na mbolea hapa Mbinga mjini. Nimeshaulizwa dawa ya kuku anayetembea kinyumenyume, ya mbuzi anayekula sabuni, hata ya mbwa aliyemchukia mwenye nyumba peke yake. Kwa hao wote sikosi la kusema, hata kama ni la kubahatisha. Siku ile mzee aliweka kikopo cha maji juu ya kaunta, ndani yake mna mnyama wa magamba mawili aliyeachama kidogo, akavua kofia na kusema, "Mwanangu, huyu hafungi mdomo. Una chochote cha kumpa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, basi nami nikaacha.

Nilimjua tangu utoto wangu kule Mapera, alipotuandaa kwa komunyo ya kwanza. Jina analo, na kwenye vitabu vya parokia limeandikwa, ila sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo. Hata alipostaafu na kuhamia pembeni mwa mji aendelee kulima kahawa yake kidogo, alibaki kuwa Katekista. Mkewe naye alimwita hivyohivyo, ila yeye aliliburuta lile neno mpaka mzee anune.

Kilichomtambulisha ni usafi. Kabla ya kutufundisha Amri za Mungu alikagua kucha. Asiye na kucha safi alirudi mtoni kunawa, na akirudi alikuta tumefika amri ya sita, ambayo Katekista aliipita haraka. Chai aliichuja mara mbili. Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akayaacha yatulie, kisha akayachuja tena kwa sababu huenda wakati wa kutulia kuna kitu kimeingia. Alifagia hata barabara ya halmashauri iliyopita mbele ya geti lake, na gari likipita na kutimua vumbi alilisindikiza kwa macho mpaka lipotee. "Katekista angepewa nafasi," mkewe aliwahi kuniambia tukiosha vyombo, "angemfua hata Malaika Gabrieli akamwanika."

Juu ya maji hasa, hukumwambia kitu. Sisi Wamatengo tunalima mitelemko kwa ngolo, yale mashimo ya mraba yaliyopangwa mlimani kote. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimo la juu, yakatua, yakapita polepole kwenda la chini yake, na kuendelea. Udongo unabaki shambani na maji yanayofika bondeni unaweza kunawia uso. Wengine tunalima hivyo kwa kuwa wazee walilima hivyo. Katekista aliona humo mafundisho ya dini. Mgeni hakuondoka kwake bila kupelekwa kijitoni kuona kokoto za chini, na kuambiwa, "Maji ya kuaminika ni yale yaliyopita kwenye ngolo." Hata padre alipelekwa, na viatu vyake vya ibada.

Sasa mtu huyo, wa kucha na vitambaa vya kuchujia, alikwenda kuoa binti wa mvuvi.

Mama, ndivyo tulivyomwita mkewe, alikuwa Mnyasa wa ufukweni mwa ziwa, jirani na Mbamba Bay, aliyezaliwa Mwanglikana akabadili kanisa kwa ajili ya ndoa, na hakuacha kumkumbusha mumewe. Akikosewa jambo dogo tu, alisema, "Na kanisa langu nililiacha." Mzee alimpenda waziwazi, kwa namna ambayo wanaume wa rika lake huona aibu. Alimbebea kuni, jambo lililowapa wanawake wa Mapera cha kusema kwa muda mrefu. Lakini ziwa aliliogopa. Alishuka huko kwa misiba na harusi tu, na hakuingia majini kupita vifundo vya miguu. "Maji yasiyochoka kutikisika siyaamini," alisema. Usipa, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa alikula, ila aliwageuza vichwa kwanza wasimtazame. Shemeji zake wa kule walimtania kwamba ubatizo wake ulikuwa wa kunyunyiziwa ndiyo maana haujaloa.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaisha, zikabaki sauti mbili tatu ambazo mzee pekee alidai kuzielewa. Akawa mtu wa kiti, barazani asubuhi na sebuleni jioni. Katekista alimwogesha na kumlisha mwenyewe, na alikataa mfanyakazi wa ndani kwa sababu, alisema, hakuna anayejua kusuuza.

Mdogo wake mama alipiga simu kutoka ufukweni. Nilikuwepo, na simu ya mzee ina sauti kubwa hata usipotaka kusikia unasikia.

"Shemeji, mlete dada huku. Watu wa kumgeuza tupo wengi. Na ziwa atalitazama, ndiko kwao."

"Akipata nafuu," mzee akasema. "Barabara itamvunja."

Wakati huo ilikuwa na maana kidogo. Baadaye lami ikafika mpaka ziwani, watu wakawa wanashuka asubuhi na kurudi jioni na samaki wabichi. Katekista akasema kuna kona. Nikamwambia kona zilikuwepo tangu zamani, akasema zamani magari yalikwenda polepole. Kila mtu alijua kinachomzuia, na yeye alijua kwamba tunajua. Aliwahi kuniambia bila kuzunguka, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mfuko wa mbegu za kabichi: "Akifika kule hatataka kupanda tena. Mimi nitakuwa mgeni wa mke wangu."

Ndipo alipoamua kulipandisha ziwa.

Fundi wa madirisha ya aluminiamu alimtengenezea sanduku la kioo la kuweka sebuleni. La kwanza lilivuja likalowesha picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyokuwa imeegemezwa ukutani ikisubiri msumari. La pili lilivuja kidogo tu, na kwa beseni chini yake lilifaa. Mwanawe anayefanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe kule Ngaka alimletea pampu ndogo ya kupuliza hewa. Mawe, mchanga, samaki wadogo wa buluu wa miambani na kome wenyewe vilikuja kwa basi, kwenye ndoo zenye vifuniko, vimetumwa na shemeji yake. Alivituma, lakini alisema lake: "Shemeji, ni rahisi kumshusha mtu mmoja kuliko kulipandisha ziwa zima."

Majirani tulikwenda kutazama. Tukakaa kwenye makochi tukitazama samaki kama tunavyotazama taarifa ya habari, na mzee akatukataza kugusa kioo. Lakini mama hakujali samaki. Kwa binti wa mvuvi, samaki ni kitu cha sufuria. Aliowatazama ni kome. Watoto wa kike wa kule huwatafuta kome kwa nyayo, wanatembea kwenye maji ya magotini wakipapasa mchanga kwa miguu, na mama alikuwa hodari wa mchezo huo. Alinisimulia zamani, alipokuwa na maneno. Kome hujichimbia mchangani ukabaki ukingo wake tu, naye husogea polepole na kuacha mfereji mwembamba nyuma yake. Kila asubuhi mama alisogezwa mbele ya kioo, akafuatisha ile mifereji kwa kidole cha mkono wa kushoto, kutoka mwanzo hadi alipo kome. Akifika, uso wote ulicheka, hata upande uliokufa ulijaribu. Nilimwona kwa macho yangu.

Mzee alinisindikiza hadi getini siku hiyo. "Umeona?" akasema. "Kome wakikaa, na yeye atakaa."

Wiki chache baadaye ndipo akaja na kikopo.

Dalili zilikuwa zilezile kwa kila mmoja. Kome anatoka mchangani analala ubavu juu yake. Anaachama. Ukimgusa anafunga, lakini kwa uvivu, na kesho yake kwa uvivu zaidi, na kesho kutwa hafungi. Kisha harufu. Nilimpa vitamini za vifaranga kwa sababu ndizo ninazompa kila anayekuja na mnyama aliyenyong'onyea. Hazikusaidia. Akarudi na hoja: "Magamba yake si chokaa? Basi nipe chokaa ya shambani." Nikamwambia sina hakika, akasema hata yeye. Akaitia, na samaki wawili waligeuza matumbo juu kabla ya chakula cha mchana.

Ikaja baridi ya mwezi wa sita, ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Tukafikiri, ziwani kuna joto, hawa wanaganda. Mzee akalifunika sanduku blanketi na kuweka chupa za maji ya moto pembeni, akawa anazibadilisha mchana kutwa. Kome wakafa kwenye joto kama walivyokufa kwenye baridi. Nikamwita bwana mifugo, kijana mstaarabu aliyesoma, akainama mbele ya kioo mikono nyuma kama anayekagua gwaride. "Katekista," akasema, "mimi nikiletewa mgonjwa napima joto, natazama macho, natazama kinyesi. Huyu nianzie wapi?" Mzee akamwambia aanzie popote. Bwana mifugo akanywa chai, akaomba samahani na kuondoka.

Na kila asubuhi mzee aliwaamkia. Ndivyo alivyoita. Alikunja mkono wa shati, akamtoa kila kome mchangani, akamgonga kwa ukucha na kusema, "Tumsifu Yesu Kristo." Anayefunga amejibu, akarudishwa. Asiyefunga aliwekwa pembeni kwenye bakuli, apewe nafasi. Nilitaka kucheka tena lakini nilikuwa nimeshaona bakuli lilivyojaa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ngolo. Alisema kosa ni la maji. Akapanga ndoo kwenye ngazi za baraza, ya juu ina kokoto, ya pili mchanga, ya tatu mkaa, ya nne mchanga mwembamba, akazitoboa na kuziunganisha kwa mipira, na maji ya lile sanduku akayapitisha humo yote, yatue na kushuka, yatue na kushuka. Yalitoka meupe kiasi kwamba ukiingia sebuleni ulidhani sanduku ni tupu na samaki wanaelea hewani. Sijawahi kuona maji kama yale. Alisimama kando yake na kofia mkononi, na mimi nilijivuna kwa niaba ya Wamatengo wote. Baada ya hapo kome wakaanza kufa haraka zaidi.

Nikatafuta kwenye simu. Huko ng'ambo kumbe wapo watu wengi wanaofuga kome wa baharini nyumbani, wakubwa, wenye midomo ya rangi, chini ya taa za buluu, na wengi wao wanalia kilio kilekile cha Katekista: wangu ameachama, wangu hafungi, nifanye nini. Mmoja anajibu ongeza mwanga, mwingine anasema punguza. Mmoja anasema chumvi, mwingine anasema acha kumgusagusa. Lakini mama mmoja kwenye video, akizungumza taratibu, alieleza kwamba kome hana mdomo wa kutafuna. Anakunywa maji na kubakiza vile vidudu na ukijani uliomo, ndiyo chakula chake. Ukiyasafisha maji mpaka ujisifu, umemwekea sahani tupu.

Nilimweleza Katekista barazani kwake. Alizitazama zile ndoo kwenye ngazi, ya kwanza mpaka ya nne.

"Kwa hiyo wana njaa," akasema.

"Ndivyo anavyosema yule mama."

"Nami ndiye ninayewanyang'anya."

Akazitoa zile ndoo moja moja, akaziosha kabla ya kuziweka stoo.

Alileta maji ya kijani kutoka bwawa la mtu anayefuga perege, akayamimina kwa mkono wake, amekunja uso kama anayejimwagia mwenyewe. Kwa siku chache kome wawili walijichimbia tena mchangani na tukapata matumaini. Kisha sanduku lote likageuka mchuzi wa mboga. Samaki waliobaki wakafa, sebule ikanuka, mama akaziba pua kwa mkono wa kushoto. Akiyasafisha wanashinda njaa, akiwalisha yanaoza.

"Ziwa linafanyaje?" akaniuliza. "Linakula uchafu wote ule na bado ni safi."

"Sijui, Katekista. Ni kubwa."

"Ni kubwa," akasema, na kwa mara ya kwanza hakulisema kwa dharau.

Mama naye alikuwa ameacha kutazama. Hakukuwa na mifereji ya kufuatisha. Ukimsogeza mbele ya kioo aligeuza uso kuelekea mlangoni. Halafu akaanza kukataa uji. Mzee aliuchuja, akauongezea sukari, akampoza kwa nyimbo za kanisa, hata zile za Kianglikana alizojifunza kwa siri. Nilimkuta siku moja amepiga magoti mbele ya kiti chake, kijiko mkononi, uji umeshapoa. Upande wa pili wa chumba, kome wa mwisho alikuwa amelala ubavu.

"Yule hafungi," akaniambia, bila kugeuka. "Huyu hafungui."

Niliketi naye. Niliondoka bila kuwa nimefanya lolote, na sidhani kama kulikuwa na la kufanya isipokuwa lile tulilolijua sote, ambalo halikuwa langu kuamua.

Baada ya hapo zikapita wiki nyingi sijamwona. Nilipopita kwake mara moja nilikuta nyumba ina kufuli, majirani wakasema wameshuka. Nilimkuta tena mwezi uliopita, stendi, nilipokwenda kupokea maboksi ya vifaranga. Alikuwa amesimama kando ya basi la Mbamba Bay, amevaa koti la kanisani, na miguuni mwake mfuko wa unga, maharage na sabuni umefungwa kamba vizuri.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu. Vifaranga wazima?"

"Wazima. Mama je?"

Alimwita kondakta, akamwonyesha namna ya kuulaza mfuko sabuni isinukishe unga, akarudi. Ndipo akanisimulia, tumesimama hivyo, watu wakitupita na mizigo.

Walishuka na kome yule wa mwisho kwenye ndoo mapajani mwake. Kona zote zile mama alilala begani kwake, wala tumbo halikuchafuka. Watoto wa shemeji wakambeba na kiti chake mpaka ukingoni mwa maji. Yeye mzee akaingia ziwani kumweka kome mchangani, na alipotazama chini akaona maji yamefika magotini na suruali imeloa. Kome akalala tu palepale ubavu. Alitaka kumwinua, amgonge, ajue kama bado yupo. Mama akatoa sauti kutoka kwenye kiti, ile ya kukataa. Akamwacha. Wakakaa muda mrefu. Kisha kome akafungua kidogo, akatoa kile kiulimi cheupe anachotembelea, akasimama wima na kuzama. Mzee alipapasa pale kwa mkono, kisha kwa mguu, hakumpata tena.

"Akacheka," akasema. "Mama. Jioni hiyo akala ugali wa muhogo na samaki, kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nimemlisha uji miezi yote ile, na kumbe mkono unajua njia."

Walikaa kule mpaka Jumapili, kisha ikabidi warudi, kahawa ilikuwa inaiva. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani. Akamwendea, akamshika mkono amwinue.

"Akauvuta," akasema. Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka mpita njia akatukwepa. "Hivi. Sijamwona na nguvu hizo tangu alipougua. Nikafurahi, mwanangu, nikasema Mungu amenijibu. Nilikuwa nimeshaketi peke yangu kwenye basi ndipo nikaelewa amenijibu nini."

Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyafuta. Nikamuuliza kama huwa anakwenda kumwona. Akasema anatuma vitu kila wiki. Nikamuuliza tena, yeye mwenyewe. Akasema kule kuna mchanga kila mahali, hata kitandani, na watu wale wanaogea maji wanayonywa, na shemeji ni wema mno kwake, wanampa kiti cha mgeni. Akasema anaogopa kuingia na mama akamtazama akidhani amekuja kumchukua.

"Mwambie hukuja kumchukua," nikasema. "Mwambie umekuja kukaa."

Akalitazama basi. Kondakta alikuwa anafunga buti, akatuona tumesimama pale, na koti la mzee lilivyopigwa pasi.

"Mzee, kuna nafasi moja huku mbele. Unapanda?"

Katekista aliweka mguu kwenye ngazi. Nilimshika kiwiko kumsaidia, na nilisikia uzito wake ukipanda, kisha ukasimama. Akakaa hivyo, mguu mmoja juu, dereva akiwa ameshawasha gari. Halafu akaushusha.

"Mzigo tu," akasema.

Kondakta akaufunga mlango, na basi likaondoka na ile nafasi ikiwa wazi.